Bird Island, Shelisheli: familia iliyokata minazi ili ndege warudi

Kilichonivuta kwenda Bird Island ni habari moja: mwenye kisiwa alikata minazi yake. Alisafisha eneo kubwa la shamba ili ndege wa baharini wapate uwanda wa kutagia. Sisi tuliosomeshwa kwa fedha za mbata tunajua huo si uamuzi mwepesi, nami nilitaka kuona kama ulilipa.

Kisiwa kipo kaskazini kabisa mwa Shelisheli, kama kilomita 100 kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha nchi, mwendo wa nusu saa kwa ndege ndogo. Guy Savy alikinunua mwaka 1967 na tangu hapo kimekuwa mali ya familia yake. Kilikuwa kimeshatumika sana. Kati ya 1896 na 1906 zilichimbwa tani 17,000 za kinyesi cha ndege na kupelekwa Mauritius kurutubisha mashamba, kisha ikapandwa minazi. Ndege aliyelengwa ni buabua mgongo-mweusi, ambaye hutaga yai moja tu, chini, bila kiota, tena anataka mahali peupe. Penye minazi na vichaka vilivyosongamana hatui. Kwa hiyo minazi ilipotoka, buabua wakarudi, na siku hizi katika msimu wao hufikia jozi laki 7.

Nilikwenda Julai. Ukifika ukingoni mwa uwanda ule husikii hata mtu aliyesimama kando yako anasema nini. Nilichutama nikamtazama buabua mmoja aliyekuwa karibu nami kiasi cha hatua tatu. Jua lilikuwa kali, naye hakulala juu ya yai lake, alisimama akalikinga kwa kivuli cha mwili, mdomo wazi akihema. Kila jirani aliyepita alipigwa mdomo. Makelele hayo hayakatiki usiku, na upepo ukigeuka harufu nayo inakufuata mpaka mezani. Anayetaka kimya asiende msimu huo, asije akalaumu watu bure.

Malazi ni vibanda visivyofika 30, vimejificha nyuma ya miti badala ya kupangwa ufukweni. Hakuna kiyoyozi, televisheni wala bwawa la kuogelea. Unalala madirisha wazi, upepo wa kusi unaingia, na kwangu mimi ulitosha kabisa. Chakula ni cha kawaida cha visiwani, samaki kwa wingi, kitamu, wala hakuna mbwembwe. Wahudumu wanakijua kisiwa: niliyemuuliza kuhusu kasa alieleza kwa nini taa za nje ni chache na hafifu. Ng'amba anapanda kutaga hapa, na vifaranga vyake hutafuta bahari kwa kufuata mwanga. Nimewahi kulala katika hoteli ya ufukweni mahali pengine ambako taa za bustani zinamulika mpaka majini usiku kucha, na pwani yake nzuri haina alama hata moja ya kasa. Ndiyo maana giza la Bird Island nalihesabu kuwa sehemu ya huduma niliyolipia.

Kazi kubwa zaidi haionekani kabisa. Panya na sungura walishaletwa kisiwani, na panya hula mayai na makinda. Wote waliondolewa mwaka 1996. Ukishawamaliza ndipo ulinzi unapoanza, kwa kuwa panya jike mmoja mwenye mimba akishuka ndani ya gunia la mchele anaweza kurudisha kila kitu nyuma. Chungu wa manjano, wale sisimizi wanaokwenda mbio ovyo ovyo, waligunduliwa hapa miaka ya 1990 na walipoenea ndege waliacha kutaga maeneo hayo. Hao si rahisi kuwamaliza kama panya. Kumbe kumiliki kisiwa ni kulinda mlango kila siku, na hapo ndipo naona faida ya mali kuwa ya familia: mwekezaji wa miaka mitano asingevumilia gharama isiyomwongezea chumba hata kimoja.

Ndani ya miti, buabua mweupe anatua yai lake juu ya tawi tupu, hajaweka hata jani la kulizuia. Nilimwona mmoja kwenye njia ya kwenda kula, usawa wa macho yangu, na kila mtu alipita taratibu bila kuambiwa. Kobe nao wanazurura wanakotaka. Maarufu ni Esmeralda, ambaye licha ya jina hilo ni dume, mwenye uzito wa karibu kilo 300. Anapenda kukwaruzwa shingo, anaisimamisha kabisa.

Safari si ya bei rahisi, na ndege ndogo ina mipaka ya mizigo, kwa hiyo punguza nguo, chukua darubini na kofia. Kofia si kwa ajili ya jua peke yake. Anayetaka buabua aende kati ya Mei na Septemba. Anayetaka kumwona ng'amba akitaga mchana kweupe, jambo ambalo huku Shelisheli ni la kawaida, asubiri Oktoba mpaka Januari. Mimi nitarudi wakati huo, na nitawachukua kaka zangu, maana bado tunabishana juu ya shamba la baba.