Arahan: ngumi safi, adui hana maneno

Kijana anayenijazia muvi kwenye flashi pale Mbagala Rangi Tatu alisema, "Kaka, hii ya zamani lakini ina ngumi." Hakudanganya. Arahan ni muvi ya Kikorea ya 2004, kaiongoza Ryoo Seung-wan, na mdogo wake, Ryoo Seung-bum, ndiye askari mzembe wa Seoul anayegundulika kuwa ana nguvu za ndani kupita kiasi. Jamaa anachekesha bila kujikamua, uso wake tu unatosha.

Kilichoninasa ni lile wazo kwamba mabingwa wamejificha kwenye kazi za kawaida, mama anapita na mzigo kichwani wala hautikisiki. Shemeji yangu, mbeba mizigo wa Kariakoo, alisimama kabisa: "Si nawaambiaga mimi!" Ahn Sung-ki naye, mzee mtulivu, kila akitokea filamu inapata heshima.

Adui sasa. Jung Doo-hong, ambaye ndiye pia aliyepanga mapigano, anarusha mateke matamu mno, ila zaidi ya kukodoa macho hana kitu. Kwa hiyo pambano la mwisho linavutwa weee. Nilienda kupasha maharage, nikarudi bado wanapigana. Na zile nguvu zilizochorwa kwa kompyuta zimeshachuja.

Itafute yenye sauti ya Kikorea na manukuu. Nakala ya kibanda umiza niliyoonjeshwa, DJ anaongea juu ya vichekesho vyote.