Intaneti ya Nyumbani Dodoma kwa Mwenye Linux: Kipi Ununue, Kipi Uache

Ukimwambia muuzaji kwamba kompyuta yako inatumia Linux, wengi watakujibu "itakubali tu, bosi." Usitoe hela kwa jibu hilo. Muulize jambo moja: hiki kifaa cha intaneti kina tundu la LAN, yaani la kebo ya mtandao? Kama lipo, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kadi za LAN za Realtek na Intel zilizomo kwenye kompyuta nyingi zina draiva (programu inayoendesha kifaa) tayari ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux. Unachomeka kebo, rauta inagawa anwani yenyewe, na Linux yako, iwe Ubuntu au Mint, inaingia mtandaoni bila CD wala fundi. Orodha hii nimeipanga kwa kigezo hicho, nikiongezea hali ya Dodoma yenyewe: mji unaopanuka kila mwaka, na umeme unaokatika.

1. Faiba

Kama nyaya zimefika mtaani kwako, acha mengine yote. TTCL, wanaosimamia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, huunganisha nyumba kwa faiba, na kampuni nyingine zipo. Fundi atafunga kiboksi ukutani, na kompyuta itakiona kama mtandao wowote wa kebo. Akidai anahitaji Windows ili aseti, mfungulie Firefox. Ukurasa wa rauta ni uleule. Kama huduma inadai jina la mtumiaji na nywila, yaani PPPoE, mwombe aviingize ndani ya rauta ili ukibadilisha mashine usianze upya.

Usiridhike na kauli ya "Dodoma tumefika." Taja mtaa na nyumba. Mwenye kiwanja kipya Nala, Iyumbu au Mtumba aulize kabla ya kulipia: kebo imeishia nguzo ipi, na gharama ya kuivuta mpaka kwangu ni ya nani?

2. Rauta ya laini, 4G au 5G

Wengi wetu tutaishia hapa, na hapa ndipo pesa hupotea kirahisi. Usinunue rauta kwa sababu jirani anaisifia. Pima kwanza. Azima laini ya Vodacom, Airtel, Yas (iliyokuwa Tigo) na Halotel, kila moja kwa zamu, uweke kwenye simu ya Android na uende nayo chumba kile kile utakachoweka rauta. Piga *#*#4636#*#*, simu nyingi zitakufungulia ukurasa wenye namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi. Namba hiyo ni hasi: -85 ni nguvu nzuri, -100 inavumilika, ikishuka chini ya -110 achana na mtandao huo. Kisha pima kasi kati ya saa 1 na saa 4 usiku, watu wakiwa majumbani. Kipimo cha saa 4 asubuhi kitakudanganya.

Bati hupunguza sana mawimbi. Rauta iliyofichwa nyuma ya televisheni katikati ya nyumba inaweza kushindwa, na hiyohiyo ikasogezwa dirisha linalotazama mnara ikafanya kazi vizuri. Kwa hiyo chagua yenye matundu ya antena ya nje, hasa ukikaa pembezoni au nje kabisa, Bahi au Chamwino.

Dukani uliza mambo matatu. La kwanza, rauta imefungwa kwa laini za kampuni moja? Nyingi zinazouzwa na kampuni za simu zimefungwa, na mtandao ukizorota huna pa kuhamia. La pili, hilo bando "lisilo na kikomo" hushushwa kasi baada ya GB ngapi, na inashuka hadi ngapi? La tatu linamhusu anayetaka kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH (njia ya kuiendesha kutoka mbali) akiwa kazini: unapata anwani ya umma, yaani ya kwako peke yako inayofikika kutoka nje? Fungua ukurasa wa rauta; anwani ya nje ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, mnaigawana wateja wengi na hutafikika kutoka nje moja kwa moja.

3. Simu yako kwa kebo ya USB

Naiweka juu ya mifi (rauta ndogo ya mfukoni yenye betri) kwa sababu tayari unayo. Washa kugawa intaneti kwa USB, na Linux itaiona simu kama kadi ya LAN. Hata mashine ambayo waifai yake bado haina draiva itapata mtandao, ndiyo maana huwa nawashauri wanaoanza waanze hivi.

Linda bando tu. Ubuntu hukagua masasisho ya snap, yaani vifurushi vyake vya programu, mara 4 kwa siku. Kwenye mipangilio ya mtandao weka alama kwamba muunganisho huu unalipiwa kwa kiasi, kisha andika amri hii ili masasisho hayo yasubiri:

sudo snap set system refresh.metered=hold

4. Mifi

Inamfaa anayesafiri. Nunua inayokubali kuunganishwa kwa USB pia, isiwe ya kuchaji tu.

5. Modemu ya USB

Ni ya mwisho kwangu. Nyingi huanza kwa kujifanya flashi yenye programu za Windows. Huawei E3372h, kwa mfano, ukiandika lsusb (amri ya kuorodhesha vifaa vya USB) inaweza kujitokeza kama 12d1:1f01. Usb_modeswitch, programu ya kuigeuza kutoka flashi kuwa modemu, ikishafanya kazi yake inageuka 12d1:14dc, na ukurasa wake unafunguka kwenye 192.168.8.1. Kama namba haibadiliki, sakinisha usb-modeswitch, chomoa, chomeka tena. Kwa pesa hiyohiyo ningeanza kutafuta rauta iliyotumika.

Adapta ya waifai na umeme

Kama kompyuta iko mbali na rauta, kebo ndefu ya LAN bado ni rahisi na imara kuliko adapta. Ukilazimika kununua adapta, tafuta yenye chipu ya MediaTek MT7612U, ambayo kerneli inaitambua tangu 4.19, au MT7921AU tangu 5.18. Adapta ndogo za Realtek zimejaa madukani. Nyingine, kama za RTL8821CU, zilipata draiva ndani ya kerneli kuanzia 6.2, kwa hiyo kwenye toleo la zamani zitakusumbua. Andika uname -r kabla ya kutoka nyumbani, ujue toleo la kerneli yako.

Umeme ukikatika, laptopu itabaki na betri lakini rauta itazima. Tenga hela ya UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba. Soma maandishi ya adapta iliyokuja na rauta: kama ni 12V 1A, UPS itoe volti 12 zilezile na ampea zisizopungua 1, na ncha ya waya iingie sawasawa. Beba adapta hiyo dukani, uijaribishe palepale kabla ya kulipa.