Daftari au programu ya simu katika kiwanda kidogo cha korosho?
Wenye viwanda vidogo vya kubangua korosho huko Masasi na Newala hubishana kila msimu: je, kilo za kila mbanguaji ziandikwe daftarini au kwenye programu ya simu?

Kwa gharama, daftari linashinda bila ubishi. Kwa uhakika, mambo hugawanyika: Mei 2024, hitilafu ya nyaya za baharini ilipodhoofisha intaneti nchini, daftari halikutikisika, lakini daftari hilohilo likiloa, hakuna nakala.

Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni mbanguaji mwenyewe, anayelipwa kwa kilo, na ambaye vidole vyake vilivyopakwa majivu au mafuta ya kujikinga na utomvu wa maganda havifai kugusa kioo cha simu. Programu itamfaa iwapo karani ataingiza uzito mbele yake, naye akapokea ujumbe wa Kiswahili hata kwenye simu ya kitochi. Vinginevyo, daftari analolisoma na kulitia saini humpa nguvu zaidi ya kudai haki yake.

Mwenye wabanguaji kumi anaweza kubaki na daftari. Mwenye mia moja, anayekesha akijumlisha malipo, programu itampunguzia makosa, mradi atenge fedha za matengenezo ya simu na, hasa, muda wa kumfundisha karani.