Nyuzi za DMC kwa kipepeo na haibiskasi: rangi zipi, mishono ipi

Nyuzi ninazozungumzia ni za kudarizi, za pamba za DMC, zile za vifungu vidogo vya mita 8 vyenye namba ya rangi kwenye kikaratasi. Kampuni ni ya Mulhouse, Ufaransa, ipo tangu 1746, na aina hii pekee ina rangi zipatazo 500. Kazi niliyozipimia ni foronya ya popilini nyeupe: ua moja la haibiskasi jekundu lenye upana wa sentimita 10, majani manne, maua machache ya asumini pembeni, na kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye mabawa ya sentimita 7. Kipepeo huyo ni yule wa bustani zetu, Danaus chrysippus: mabawa ya chungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe, mwili mweusi uliotapakaa vitone vyeupe.

Kwa kazi ya namna hii nyuzi hizi nazipa alama ya juu, na sababu kubwa ni namba. Ukiishiwa na nyekundu 321 leo, utanunua 321 nyingine na ua litaendelea. Lakini namba zina mtego wake: kufuatana kwake hakumaanishi undugu wa rangi. Kijani 3345, 3346, 3347 na 3348 ni ngazi moja kweli, kutoka kilichokolea hadi kilichopauka. Nyekundu si hivyo. Ngazi nzuri ya haibiskasi ni 815 kwenye koo la ua, yaani ndani katikati petali zinapokutana, kisha 498, halafu 321 katikati ya petali, na 350 ukingoni. Namba zinarukaruka ilhali rangi zinashikana vizuri.

Watu wengi huchukua 666 kuwa rangi ya mwanga ya 321. Haifai. 666 inang'aa zaidi, lakini imekolea karibu sawa na 321, kwa hiyo ukizipanga pamoja petali inabaki bapa. Kuna kipimo rahisi kinachoonyesha hili: laza vifungu juu ya kitambaa chenyewe mchana karibu na dirisha, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoka kijivu kimoja, hazitengani ukizitazama kwa mbali, hata kama moja ni nyekundu na nyingine kijani. Jaribu 321 na 3346 uone: zinakaribiana mno. Ndiyo maana jani la 3346 lililogusana na petali ya 321 hulimeza ua. Jani linaloingia chini ya ua nalipa 3345, na upande unaopata mwanga 3347. 3346 ibaki katikati ya jani, mbali na petali.

Kipepeo ndiye mwenye kudai umakini zaidi, kwa sababu chungwa na nyekundu ni majirani. Chungwa ya 900 ni nzuri ikiwa peke yake, ila karibu na haibiskasi inazama. Mimi naweka 720 kidogo tu penye shina la bawa, 721 sehemu kubwa ya bawa, 741 kuelekea ukingo, na mistari michache ya 742 mwanga unapopiga. 722 niliiacha, ingawa kwa namba ndiyo inayofuata 721, kwa sababu imeelekea waridi na inamfanya kipepeo aonekane amechujuka. Kipepeo mwenyewe atue juu ya asumini, au awe na jani jeusi-kijani nyuma yake. Usimtue moja kwa moja kwenye petali nyekundu.

Nyeusi tumia mbili. 310 ni nyeusi kabisa, iende kwenye ncha za mabawa na mwilini. Mishipa ya mabawa iwe 3371, hudhurungi iliyokaribia weusi. Mishipa ya 310 juu ya chungwa inakuwa mikali mno, na bawa linaonekana kama dirisha la nondo. Asumini ni B5200, nyeupe kuliko zote, na kivuli chake 762, kijivu kilichopauka sana. Kwenye popilini nyeupe asumini hupotea usipoweka kivuli hicho upande mmoja wa kila petali.

Sasa nyuzi zenyewe. Kila uzi ni nyuzi nyembamba 6 zilizolazwa pamoja, na kazi yote imo katika kujua utumie ngapi. Kata urefu wa sentimita 45. Ukizidisha, uzi unasuguliwa kwenye kitambaa mara nyingi, unaota manyoya na kupoteza mng'ao. Chomoa nyuzi moja moja kwa kuivuta wima juu. Ukivuta mbili kwa pamoja zinajisokota na kufunga fundo. Hata unapohitaji mbili, chomoa moja, kisha nyingine, uzilaze upya sambamba. Hatua hiyo hurukwa sana, na ndiyo inayofanya mshono ulale tambarare na kung'aa. Sindano ya kudarizi namba 9 inatosha kwa uzi mmoja au mbili, namba 7 kwa tatu.

Petali za haibiskasi na mabawa nashona kwa mshono wa mrefu-mfupi, uzi mmoja. Kwanza zungusha ukingo kwa mshono wa kupasua, yaani sindano inatokea katikati ya uzi wa mshono uliotangulia. Ukingo huo unafunikwa baadaye na kuacha mpaka safi. Safu ya kwanza inaanzia nje kwa rangi nyepesi, mshono mmoja mrefu na mmoja mfupi. Safu ya pili inapasua ncha za safu ya kwanza kwa rangi inayofuata. Safu ya pili ikianzia pale ya kwanza ilipoishia bila kuipasua, unapata mstari kama pindo, na hakuna rangi itakayoweza kuuficha.

Mwelekeo una nguvu sawa na rangi. Nyuzi hizi zinaakisi mwanga, hivyo namba ileile ikilazwa pande mbili tofauti huonekana kama rangi mbili. Kwenye ua, mishono yote ielekee kooni. Kwenye kipepeo, yote ielekee pale bawa linaposhikana na mwili, kwa hiyo bawa la mbele na la nyuma yanatengana yenyewe bila mstari mweusi katikati. Chora mishale midogo kwa kalamu inayofutika kwa maji kabla ya kuanza. Usipige pasi kabla ya kuifuta alama hiyo kwa maji baridi: joto linaweza kuigandisha isitoke tena.

Majani yanapendeza kwa mshono wa mfupa wa samaki, nyuzi mbili, ukishona kulia na kushoto huku mishono ikipishana kidogo kwenye mstari wa kati. Petali za asumini ni ndogo, zinatosha kwa mshono wa satini, yaani mishono iliyolazwa sambamba na kubanana, nyuzi mbili. Satini isizidi milimita 10 kwa mshono, vinginevyo inanasa kwenye kucha na mashine ya kufulia. Shina ni mshono wa shina, yaani kila mshono unaanzia ubavuni mwa uliotangulia kama kamba, nyuzi tatu za 3345. Nguzo ya katikati ya haibiskasi iwe mshono huohuo kwa 498, na chavua yake vifundo vya njano 743 vya kuzungusha uzi kwenye sindano mara moja. Mara mbili vinakuwa vikubwa na kuning'inia. Mwili wa kipepeo shona satini mara mbili, safu ya chini kwa urefu na ya juu kwa upana, upate uvimbe. Papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, ndiyo kazi ya mwisho: uzi mmoja wa 310, mshono wa nyuma (kila mshono unarudi ulipoishia uliotangulia), na kifundo kimoja nchani, maana papasi za kipepeo zina virungu.

Kitambaa kikijikusanya, mara nyingi fremu ya duara inayokibana imelegea au umevuta uzi kwa nguvu. Zungushia duara la ndani la fremu utepe wa pamba, kaza hadi kitambaa kilie kama ngoma, na ulegeze fremu kila unapoacha kazi.

Kuhusu kiasi: kifungu kimoja kina mita 48 za uzi mmoja mmoja, kwa hiyo kifungu kimoja cha kila rangi kinamaliza foronya mbili za mchoro huu. Bei ndiyo kasoro. Ukitaka kubana, nunua DMC kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kijani uchukue cha bei nafuu. Zile pakiti za nyuzi 50 au 100 zisizo na jina huwa na namba hizihizi, lakini rangi haifanani, na nyekundu yake ndiyo inayochuja zaidi. Zipime kwanza: choma kipande. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Kisha lowesha uzi, uuweke kati ya vitambaa vyeupe na upitishe pasi ya moto. Kikibaki hata kivuli cha waridi, usiutumie kwenye foronya nyeupe.

Fua kwa maji baridi na sabuni laini, bila jiki. Nyekundu ikichuja, usiache ikauke. Rudisha kwenye maji mengi baridi na kubadilisha hadi yatoke meupe. Anika kivulini, kisha piga pasi upande wa nyuma, mchoro ukiwa umelala juu ya taulo nene, vinginevyo vifundo vya chavua vitabonyea.