Uzoefu wangu na Godot: miezi minane ya kutengeneza gemu ya watu wengi mtandaoni

Nianze na gemu yenyewe, maana sifa na lawama zangu zote zimetoka humo. Inaitwa Sukumana. Wachezaji wasiozidi wanane wanasimama juu ya chelezo cha duara kinachoelea majini, kila mmoja ni kijiduara chenye macho mawili, na kazi ni moja tu: msukume mwenzako atumbukie. Anayebaki juu ameshinda. Raundi haifiki dakika mbili. Picha zote nilichora mwenyewe, na ukiziona utaamini.

Niliitengeneza kwa Godot, toleo la 4, usiku baada ya kazi na siku za mapumziko. Sikuwa na nia ya kuiuza. Kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza vigemu viwili vya mchezaji mmoja, kwa hiyo nilijiona fundi. Nikadhani kuongeza wachezaji ni sawa na kuongeza viti mezani. Kumbe gemu ya mtu mmoja ina dunia moja, iliyo ndani ya kompyuta yako, na ikisema umeanguka basi umeanguka. Gemu ya watu wanane ina dunia nane zinazokaribiana kufanana, na kabla hujagusa rangi wala sauti lazima uamue kauli ya mwisho ni ya nani. Mimi sikuamua. Ndiyo maana nilitumia miezi minane badala ya mitatu.

Kwa asiyeijua, Godot ni injini ya kutengenezea gemu iliyoanzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uliwekwa wazi kwa kila mtu mwaka 2014. Leseni yake ni ya MIT: unatumia, unabadilisha, unauza, hudaiwi chochote. Hili lilikuwa na uzito kwangu, kwa sababu Septemba 2023 Unity, wenye injini nyingine maarufu ya gemu, walitangaza ada inayohesabiwa kwa kila gemu inaposakinishwa, wakaja kuifuta mwaka mmoja baadaye. Mtu wa hobi hataki kulala akiwaza mambo hayo. Halafu kuna wepesi: unapakua faili moja, unalibofya mara mbili, umeshafika. Kompyuta yangu ya mkononi ni ya zamani na feni yake hulalamika kwa sababu ndogo, lakini Godot iliivumilia.

Lugha yake, GDScript, inafanana kwa sura na Python, lugha maarufu ya kuandikia programu, na mtu aliyewahi kuandika msimbo kidogo ataizoea ndani ya wiki moja. Onyo langu la kwanza ni hili: toleo la 4.0 lilitoka Machi 2023 na lilibadilisha sana sehemu ya wachezaji wengi, ilhali mafunzo ya toleo la 3 bado yamezagaa kila kona. Ukikuta somo linalotumia maneno `puppet` na `remotesync`, lifunge. Siku hizi unaweka alama ya `@rpc` juu ya kitendo, yaani fungu la msimbo, ili kompyuta nyingine iweze kukiita, basi.

Usiku wa kwanza ulikuwa mtamu kupita kiasi. Gemu ya Godot hujengwa kwa vipande viitwavyo nodi, na viwili kati yao ni vya mtandao: MultiplayerSpawner na MultiplayerSynchronizer. Ya kwanza huzaa kitu kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayowaunganisha wachezaji, na kukizalisha kwa wachezaji wote. Ya pili unaichagulia sifa za kunakili, kama nafasi na mzunguko, nayo inazisambaza yenyewe. Kihariri, yaani programu unayojengea gemu, kina chaguo la kuendesha gemu katika madirisha kadhaa kwa mpigo. Nikafungua mawili, nikasogeza kijiduara kwenye dirisha la kushoto, kikasogea na kwenye la kulia. Nilikaa nikikisogeza huku na huku kama mtoto aliyepewa tochi. Nikampigia binamu yangu usiku ule ule nikamwambia gemu inakaribia kuisha.

Wiki mbili zilizofuata zote zililiwa na majina. Godot hupanga kila kitu kama mti wa nodi, na ujumbe kutoka kompyuta moja hufika kwenye nodi ya kompyuta nyingine kwa kufuata njia ya majina ndani ya mti huo. Mimi nilikuwa nazaa mabomu kwa msimbo bila kuyapa majina, kila kompyuta ikayapa majina yake ya kubahatisha, na ujumbe ukawa kama barua iliyoandikwa nambari ya nyumba isiyokuwepo. Dawa ni neno moja: unapoita `add_child`, unaongeza `true` ili jina lisomeke, au unaweka jina mwenyewe. Imeandikwa kwenye maelezo rasmi. Nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo, tena mara mbili.

Kisha ikaja aibu ya udanganyifu. Katika toleo langu la kwanza kila mchezaji alikuwa bwana wa kijiduara chake: kompyuta yake ndiyo inatangaza "niko hapa" na wengine wanakubali. Ni njia rahisi na gemu inajibu vidole papo hapo. Rafiki yangu mmoja, mtu wa kompyuta pia, nilimpa mradi mzima anisaidie kukagua. Siku ya kucheza hakuanguka hata mara moja. Alikuwa amebadilisha mistari mitatu: akivuka ukingo, kompyuta yake inatangaza kwamba yuko katikati ya chelezo. Seva yangu, kwa adabu zote, ikawa inaitikia.

Na hata bila mdanganyifu mpango ule ulikuwa hauwezi kusimama, kwa sababu gemu yangu ni ya kusukumana. Mimi kwangu nimekupiga kikumbo. Wewe kwako ulishakwepa. Wote wawili ni wakweli, na kila mmoja ana mamlaka juu ya mwili wake. Mafahali wawili zizi moja. Ungekuwa mchezo wa karata au wa mbio ambapo magari hayagusani, ningeweza kulifumbia macho jambo hili. Kwa hiyo anayeanza nampa ushauri ambao mimi sikuupata: chagua gemu ambayo wachezaji hawagusani miili, na ikiwezekana ya zamu kwa zamu. Utamaliza. Mimi nilichagua fizikia ya kugongana, yaani chumba chenye giza kuliko vyote nyumbani.

Nikahamisha mamlaka yote kwa seva, ambayo kwenye Godot siku zote ina kitambulisho namba 1. Mchezaji sasa anatuma alichobonyeza tu, seva inapiga hesabu, inarudisha majibu. Udanganyifu ule ukafa. Gemu nayo ikafa, maana kila kitu kikawa kizito kama kutembea kwenye matope. Sababu yake si uvivu wa mtu. Mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 hata kama mitambo yote ya njiani haipotezi muda kabisa. Godot kwa kawaida hupiga hesabu za mwendo mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde hizo ni mizunguko sita ya hesabu. Juu ya chelezo changu, mizunguko sita inatosha mtu kutoka nchi kavu hadi majini.

Hapa niwakumbushe kitu ambacho kingeniokoa mapema. Madirisha mawili kwenye kompyuta moja yatakudanganya, kwa sababu kati yao hakuna umbali. Kwenye Linux kuna amri ya `tc` yenye kitu kinachoitwa netem; unaweza kuiambia icheleweshe kila pakiti, yaani kifurushi cha data, kwa milisekunde 60 na ipoteze tatu katika kila mia. Niliiwasha na gemu yangu nzuri ikageuka mlevi. Tangu siku hiyo siizimi ninapojaribu kitu kipya.

Dawa ya matope ni ya zamani. Id Software, watengenezaji wa gemu ya Quake, waliitumia kwenye toleo lake la mtandaoni, QuakeWorld, mwishoni mwa 1996: kompyuta yako haisubiri seva, inakisia matokeo ya ulichobonyeza na kukuonyesha mara moja, jibu la seva likija tofauti, inarudi nyuma hadi mzunguko ule, inasahihisha, kisha inarudia haraka vyote ulivyobonyeza tangu hapo. Godot haina kitu hiki ndani yake. Narudia, kwa sababu matangazo mengi ya "gemu ya mtandaoni ndani ya saa moja" hayakitaji: zile nodi mbili hunakili hali, hazikisii. Nilijaribu kuandika mwenyewe kwa wiki tatu, nikashindwa kwa heshima, nikahamia kwenye nyongeza ya bure iitwayo netfox, ambayo inashughulikia saa za pamoja, kukisia na kurudi nyuma. Ilinichukua siku kama nne kuielewa, na ilinilazimu nipange upya msimbo wote wa mwendo ili uwe ndani ya kitendo kimoja kinachoweza kurudiwa bila kupiga sauti ya "chubwi!" mara tano. Sauti hiyo ilinitesa. Mtu akianguka wakati mtandao ni mbaya, ilisikika kama familia nzima imetumbukia.

Bado kulikuwa na fizikia. Nilikuwa nimetumia RigidBody2D, miili inayoendeshwa na injini yenyewe, na hiyo huwezi kuiambia kirahisi "rudia mizunguko sita iliyopita". Nikaitupa. Nikaweka CharacterBody2D, mwili unaosogezwa na msimbo wako mwenyewe, na hesabu yangu ya kusukumana: pima umbali kati ya vitovu vya duara mbili, ukiwa mdogo kuliko jumla ya nusu vipenyo vyao watenganishe, na mwenye kasi ampe mwenzake sehemu ya kasi hiyo. Mistari kumi na tisa. Nilipoimaliza nilijiuliza kwa nini sikuanza nayo, lakini jibu nalijua: kihariri kilikuwa na kitufe cha RigidBody.

Kuhusu data sitakuchosha, ila jambo moja lilinifurahisha. Nafasi ya mchezaji kwenye gemu ya pande mbili ni namba mbili, baiti 8. Lakini kila pakiti ya UDP, njia ya kutuma data isiyosubiri uthibitisho, ikipita juu ya IPv4, mfumo wa anwani za mtandao, hubeba vichwa vya baiti 28 kabla hujasema neno. Bahasha nzito kuliko barua! Kwa hiyo badala ya kutuma kila mchezaji peke yake mara 60 kwa sekunde, nafunga wote kwenye ujumbe mmoja mara 20, na kompyuta ya mpokeaji inajaza mapengo katikati. Wachezaji wengine unawaona walipokuwa kitambo kidogo nyuma, na hakuna anayegundua.

Seva nilikodi, ndogo ya Linux, na Godot inaendeshwa humo bila skrini kwa kuongeza `--headless`. Hii ni sehemu iliyonipa raha zaidi, hadi siku ya uzinduzi. Watu saba wamekaa tayari, hakuna hata mmoja anayeweza kuingia. Nilizima, nikawasha, nikasafirisha gemu upya, nikawaomba radhi, nikazima tena. Baada ya saa nzima nikaona: mlango namba 7000 niliufungua kwenye kinga ya seva (firewall) kwa TCP, njia nyingine ya kutuma data, na ENet, itifaki ambayo Godot huitumia kwa kawaida, husafiri kwa UDP. Watatu kati ya wale saba walikuwa wameshakwenda kulala.

Kuna mambo nimeyapita haraka: chumba cha kusubiri, majina ya wachezaji, mtu anayekatika katikati ya raundi. Hayana utamu wa kusimulia na yalikula theluthi ya muda wangu wote. Toleo la kivinjari pia linawezekana, lakini kivinjari hakikubali ENet, nami nilitumia WebSocket, njia ya mawasiliano ya vivinjari, na hiyo ikipoteza kipande kimoja vilivyobaki vyote hupanga foleni nyuma yake. Kwa karata sawa. Kwa kusukumana, hapana, niliitoa.

Ningeichagua Godot tena? Kwa hobi, ndiyo, na bila kufikiria mara mbili, mradi ujue kwamba inakufikisha kwenye mlango wa mtandao na kukuacha hapo na funguo mkononi. Anayetaka kila kitu kiwe tayari, hadi kukisia mwendo na kuwapanga wachezaji kwenye vyumba, atakasirika. Maelezo rasmi yanaeleza vizuri kila kifaa kinafanya nini. Namna ya kuviunganisha viwe gemu isiyoyumba, hilo ni jasho lako.

Jumamosi iliyopita tulicheza tena, binamu yangu na yule rafiki mdanganyifu wakabaki wawili juu ya chelezo. Wakavamiana, wakatumbukia, na kila mmoja akapiga kelele kwenye simu kwamba mwenzake ndiye aliyetangulia. Nikafungua kumbukumbu za seva, nikatafuta namba ya mzunguko. Ilikuwa ile ile kwa wote wawili. Msimbo wangu ulikuwa unasubiri abaki mmoja, na waliobaki walikuwa sifuri, kwa hiyo seva, yenye kauli ya mwisho, ilinyamaza kimya huku chelezo kitupu kikiendelea kuelea. Nikawaambia wasubiri dakika kumi. Zilikuwa arobaini.