Boss GT-1 au pedali za analogi: uzoefu wangu katika kazi za hoteli na harusi Mombasa

Mimi ni mpiga gitaa wa kazi. Mwisho wa wiki huwa niko kwenye hoteli za ufuoni kati ya Nyali na Shanzu, na msimu wa harusi ukifika nafuata kazi popote ilipo, Likoni, Kisauni, hata Mtwapa. Tunapiga bango, rumba, chakacha ya kuwanyanyua wageni kwenye viti, reggae mbili tatu, na zile nyimbo za zamani za Kizungu ambazo watalii wazee huziomba wakishashiba. Kila nikifungua begi langu pale jukwaani, hakosekani kijana wa kuniuliza, "Kaka, pedali zako ziko wapi?" Anauliza vile viboksi vya kukanyaga kwa mguu vinavyobadilisha sauti ya gitaa. Ziko nyumbani. Zote isipokuwa moja.

Ninachotumia sasa ni Boss GT-1, boksi la efekti nyingi la dijitali lililotoka mwaka 2016. Boss ni ya Roland ya Japani, watu wale wale wa pedali ndogo za rangi rangi ambazo kila mpiga gitaa anazijua. Lina uzito wa kilo 1.3, swichi tatu za mguu, na upande wa kulia pedali ya kukanyaga kwa ajili ya volyumu au wawa (ile efekti inayolifanya gitaa liseme "wa-wa"). Lina sauti 99 za kiwandani na nafasi nyingine 99 za kuhifadhi zako. Nililipata likiwa limetumika, kwa bei ambayo isingeninunulia hata pedali tatu mpya za maana.

Kabla ya hapo nilikuwa nabeba ubao wa pedali sita za analogi (zisizoigeuza sauti kuwa namba kama za dijitali) na ampu, yaani kikuza sauti, ya valvu, zile taa za kioo za zamani zilizokuwapo kabla ya transista, ya wati 15 yenye spika moja ya inchi 12. Aliyewahi kuvuka na ampu kama hiyo kwenye feri ya Likoni jioni, kwa miguu, katikati ya umati unaotoka kazini, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini uzito si hoja yangu kubwa. Kitu kikiwa kitamu, mtu atakibeba tu.

Kwangu mimi swali la kwanza ni hili: sauti yako itatokea kwenye spika gani? Hoteli nyingi huku kwetu spika ni zake, miksa ni yake, na fundi wa sauti ana amri kutoka kwa meneja kwamba mgeni wa meza ya mbele aweze kuzungumza na mkewe bila kupaza sauti. Nilipokuwa nikienda na ampu, maneno yetu na fundi yalikuwa hayabadiliki. "Kaka, punguza." Nimepunguza. "Punguza tena yakhe, gitaa lako lamfunika mwimbaji." Wati 15 za valvu ni kelele nyingi kuliko zinavyoonekana kwenye karatasi, na utamu wake huja pale valvu za mwisho zinapoanza kuzidiwa. Ukiifunga volyumu hadi mbili, umebaki na ampu ghali inayotoa kile ambacho ampu ya kawaida ya transista ingekitoa bila shida. Tena hata hicho msikilizaji hakipati kama kilivyo. Fundi ameweka maiki mbele ya spika, amekata besi, ametia riverbu yake (mwangwi wa ukumbi), ndipo sauti ikatokea kule juu kwenye nguzo. Katika mazingira hayo GT-1 inayoingia moja kwa moja kwenye miksa imenipa sauti iliyo karibu zaidi na ninayoitaka kuliko ampu ilivyowahi kunipa, na fundi ameacha kunitazama kwa jicho baya.

Kuna kitu kimoja kwenye boksi hili ambacho wengi hukipita, halafu wanalilaumu bure. Ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuliambia sauti inakwenda wapi: miksa au spika za masikioni, ampu ndogo, ampu ya kombo (ampu na spika katika boksi moja), ampu ya staki (ampu iliyokaa juu ya kabati la spika), au JC-120, ampu ya Roland nitakayoirudia mbele. Likiwa limewekwa laini ya miksa, boksi linaiga ampu nzima pamoja na kabati la spika. Ukilichomeka hivyo hivyo kwenye ampu halisi, sauti inapita kwenye kabati la kuigwa kisha kwenye kabati la mbao, na matokeo yake ni gitaa linalosikika limefunikwa blanketi. Ukifanya kinyume chake, mpangilio wa ampu ukapelekwa kwenye miksa, distorsheni, ule ukwaruzo wa gitaa, inakuwa mzinga wa nyuki. Nimeshasikia watu wakisema dijitali haina roho, nikaangalia kiwambo chao, nikakuta mpangilio ni wa ampu na waya umeingia kwenye miksa.

Jambo jingine la waya: matundu ya kutolea sauti ni ya jeki ya kawaida, yasiyo na ile kinga ya mvumo iliyo kwenye waya wa maiki. Miksa ikiwa mwisho wa ukumbi, mwombe fundi kiboksi cha D.I., kinachoipitisha sauti ya gitaa kwenye waya wa maiki, kabla hamjaanza kutafuta mvumo unatoka wapi.

Sasa nizitetee pedali, kwa maana nazipenda. Distorsheni ya analogi ni kitu kidogo mno ukiifungua: transista au chipu moja ya kukuza, na dayodi zinazokata vichwa vya mawimbi ya sauti. Boss DS-1 ya mwaka 1978 hukata kwa ukali. SD-1 ya 1981 hukata kwa ulaini, tena upande mmoja wa wimbi una dayodi mbili na mwingine moja, kwa hiyo pande hazikatwi sawa, na hapo ndipo sikio linapopata ule ukwaruzo wenye joto. Dilei (efekti ya mwangwi) ya analogi nayo inatumia wazo lililobuniwa Philips mwaka 1969: mnyororo mrefu wa kapasita unaopokezana chaji ya sauti, kama watu waliojipanga kutoka kisimani wakipeana ndoo, na kila mkono unamwaga kidogo. Kinachopotea ni sauti za juu, na vichujio vinavyowekwa kuzuia kelele za chipu huzikata zaidi. Ndiyo maana mwangwi wake unafifia ukiwa mweusi mweusi, unakaa nyuma ya noti bila kushindana nazo. Kwa sebene ya rumba, vidole vikikimbia, hiyo ni neema.

Boksi la dijitali halimwagi. Linaigeuza sauti kuwa namba, mara 44,100 kwa sekunde, linapiga hesabu, linairudisha kuwa sauti. Mwangwi wa tano ni safi kama wa kwanza usipoliambia lifanye vingine. GT-1 ina aina ya dilei inayoiga ile ya analogi. Nyumbani kwa spika za masikioni naweza kuitofautisha na pedali yangu, jukwaani na ngoma zikilia siwezi, na sijakutana na anayeweza. Tena hii dijitali wanayoiogopa watu si ujio wa jana. Boss walitoa DD-2, pedali yao ndogo ya kwanza ya dilei ya dijitali, mwaka 1983. Baadhi ya wazee wanaoniambia "sauti ya zamani ndiyo sauti" walikuwa nayo miguuni.

Lakini Mombasa ina adui ambaye hatajwi kwenye mapitio ya Marekani na Uingereza, nayo ni chumvi. Pedali sita zina matundu kumi na mawili ya jeki, na nyaya tano fupi za kuziunganisha zina vichwa kumi. Kila kimoja ni mahali pa kutu. Ukipiga mita chache kutoka majini msimu wa kusi, upepo unakuletea unyevu wa chumvi usiku kucha, na baada ya muda nobu zinaanza kukwaruza ukizizungusha, sauti inakatika ukikanyaga, na wewe uko magotini mbele ya wageni unatikisa nyaya moja moja. Dawa ya kupulizia kontakti husaidia, hasa ukiitumia kabla ya tatizo. GT-1 ina tundu moja la kuingia na moja au mawili ya kutoka. Haina kinga yoyote ya pekee dhidi ya chumvi, ina milango michache tu ya kuipokea. Mimi huifuta kwa kitambaa kikavu kila kazi ikiisha na kuilaza kwenye begi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Halafu kuna stima. Ikipotea katikati ya wimbo na jenereta ikashika, volti za mwanzo hazitabiriki, na ampu yangu ya valvu ilikufa katika kupokezana huko, kwenye harusi moja ambayo sitaitaja. Fundi wa redio aliyeitazama Mwembe Tayari alikuwa mtu makini. Kabla ya kuigusa aliacha kapasita zitoe chaji, kwa sababu ndani ya ampu ya valvu kuna volti zaidi ya 300 na hubaki humo hata ukishachomoa plagi. Usiifungue kwa bisibisi ya jikoni. GT-1 inakwenda kwa betri nne ndogo za AA. Kwenye kazi za uani ambako waya wa stima umevutwa kutoka kwa jirani, natia betri mpya na kuisahau stima kabisa.

Hiyo pedali moja niliyobakisha ni SD-1. Inakaa mbele ya GT-1, kati ya gitaa na boksi. Sababu yake ni mkono. Nikipunguza volyumu ya gitaa katikati ya ubeti, SD-1 inajisafisha polepole, nikiongeza inarudi na ukali wake, na kila kidole kinahisi. Boksi linafanya hivyo pia, ila kwangu mimi lina ngazi mahali ambapo pedali ina mteremko. Sababu ya pili ni nobu zenyewe. Ukumbi ukijaa watu, sauti za juu zinanyonywa na nguo na miili, na gitaa linaanza kuzama. Kwenye pedali nainama, nazungusha toni robo, nimemaliza. Kwenye maboksi ya aina hii, ya kampuni zote, kuna kurasa za kupitia na kiwambo kidogo, na saa kumi jioni ufuoni jua likiwa usoni kiwambo hicho hakisomeki. Kwa hiyo sauti zangu nazitengeneza nyumbani kwenye kompyuta, kwa programu ya bure ya Boss, na jukwaani sigusi chochote zaidi ya kubadilisha namba: moja safi yenye koras (inayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili) kwa bango, moja yenye dilei fupi kwa rumba, moja kavu kwa reggae, na moja ya solo. Nafasi 95 zilizobaki ni za watu wenye muda.

Mazoezini mambo yanageuka, na kwenye harusi ya uani isiyo na mitambo mikubwa vivyo hivyo. Pale ampu ndiyo spika, mpiga ngoma anakusikia mgongoni mwake, na boksi lililochomekwa kwenye kispika cha plastiki linasikika jembamba. Kama kazi zako nyingi ni za namna hiyo, pesa zako ziende kwenye ampu kwanza. Wala si lazima iwe ya valvu. Roland JC-120, ile ya mwaka 1975 yenye spika mbili na koras yake ya kupasua moyo, ni ya transista tupu, na kwa sauti safi za muziki wetu sijui valvu gani ingeishinda. Tatizo lake ni mgongo wako.

Ukitafuta ampu iliyotumika, zilizotoka Uingereza zina plagi kama zetu na volti zinazolingana na 240 zetu. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120; usiichomeke bila transfoma ya kushusha, hata kama muuzaji anaapa. Boksi lililotumika nalo lijaribu kwa muda, usiridhike na taa kuwaka. Chomeka jeki na uitikise taratibu, kanyaga kila swichi, sukuma pedali ya mguu kutoka nyuma hadi mbele usikilize kama wawa inaruka mahali. Mwisho angalia adapta. Boksi hizi na karibu pedali zote za Boss zinataka volti 9 zenye hasi katikati. Adapta nyingi za ruta za intaneti nazo huandikwa volti 9, katikati yake ni chanya, na plagi inaingia bila ubishi wowote.