Tiba ya yoga ya ana kwa ana: pesa yako inanunua nini hasa?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo hakuna boksi la kufungua. Tunachambua huduma: tiba ya yoga ya ana kwa ana, wewe na mtaalamu wako tu, hakuna darasa. Swali linalorudi kila mara ni kama huduma hii ina tofauti na darasa la kawaida, au ni yale yale yamepandishwa bei. Tofauti ipo, ila wengi wanaitafuta kwenye mikao, na mikao ni ile ile. Kinachofanya bei iwe halali ni vitu viwili: uchunguzi wa mwanzo, na karatasi ya mazoezi unayorudi nayo nyumbani. Ukikosa hivyo, umelipia darasa lenye mwanafunzi mmoja.

Mtindo huu wa mwalimu mmoja na mtu mmoja unatajwa sana pamoja na mwalimu wa yoga T. Krishnamacharya wa Chennai, India, enzi hizo mji ukiitwa Madras. Mwanawe, T.K.V. Desikachar, alianzisha kituo cha Krishnamacharya Yoga Mandiram mwaka 1976. Msingi wao ni kwamba mkao hurekebishwa umfuate mtu, mtu asilazimishwe kuufuata mkao.

Haya, tuingie kwenye kikao cha kwanza. Tarajia dakika 60 hadi 90, na sehemu kubwa ya muda huo hutagusa mkeka. Utaulizwa panauma wapi, panazidi asubuhi au jioni, unakaa kwenye kiti saa ngapi kwa siku, umewahi kupasuliwa, unameza dawa gani, unalalaje, nini kinakukosesha raha. Mtu akikupokea mlangoni na kukupeleka moja kwa moja kwenye mkeka, hiyo ni dalili mbaya.

Kisha atakwambia: simama, vuta pumzi huku unainua mikono juu. Zoezi linaonekana la kitoto. Mtaalamu mzuri hapo haangalii mikono yako hata kidogo. Anaangalia kama mbavu zinachomoza mbele, kama kiuno kinabonyea ndani, kama mabega yamepanda masikioni kabla mikono haijafika usawa wa macho, na kama pumzi imekwisha wakati mkono bado uko njiani. Mtu mwenye mabega magumu mara nyingi hukopa kwenye kiuno ili mikono ifike juu. Mpe mtu huyo mikao ya kupinda nyuma, utamwongezea maumivu pale pale anapolalamikia. Darasani kwenye watu 20, nani ataliona hilo?

Sasa tuchukue mfano unaojirudia sana: kiuno kinauma zaidi ya miezi 3, kazi ni ya kukaa, mawazo mengi, usingizi wa mang'amung'amu. Programu yake ya nyumbani huwa fupi, kama dakika 15. Anaanza kwa kulala chali, miguu kuanzia gotini hadi kisiginoni ikiwa juu ya kiti, dakika 3. Kidevu kikielekea juu, blanketi iliyokunjwa iwekwe chini ya kichwa, la sivyo shingo itakaza muda wote huo. Kisha magoti kifuani, viganja juu ya magoti: akitoa pumzi anayasogeza karibu, akivuta pumzi anayaachia hadi mikono inyooke. Mara 6. Kosa la hapa ni kuyavuta kwa nguvu kama anafunga mzigo, mabega yakaondoka sakafuni.

Inafuata daraja. Nyayo chini, akivuta pumzi anainua nyonga, akitoa anashusha. Mara 6 tena, bila kukaa juu. Wengi hapa hubanwa na misuli ya nyuma ya paja. Sababu kubwa ni kwamba visigino viko mbali mno na makalio; visogezwe karibu, na kubana huko hupungua. Baadaye anapiga magoti na viganja chini, akitoa pumzi anarudisha makalio kuelekea visigino, akivuta anarudi mbele. Goti likilalamika, asishuke hadi mwisho, au aweke blanketi kati ya paja na shavu la mguu.

Mwisho ni pumzi: kuvuta kwa hesabu ya 4, kutoa kwa hesabu ya 6, dakika 5. Hesabu moja ikiwa sekunde 1, zinatoka pumzi 6 kwa dakika, na kutoa pumzi kirefu hupunguza kasi ya moyo. Akisikia kizunguzungu au kiu ya hewa, hesabu ni ndefu kuliko uwezo wake. Ashuke hadi 3 kwa 4, au aache kabisa apumue kawaida.

Upande wa hisia ndio unaotenganisha wataalamu na wababaishaji. Mtu wa wasiwasi husaidika na pumzi ndefu ya kutoa, lakini baadhi wakiambiwa "sikiliza pumzi yako" ndiyo kwanza moyo unaanza kwenda mbio. Hao huelekezwa kwenye nyayo, wasikie uzito wa mguu sakafuni, au wahesabu mijongeo. Pumzi za haraka za kusukuma tumbo siwapendekezei kabisa watu wenye mishtuko ya hofu. Mtu wa sonona naye, ukimlaza dakika 20 gizani umempa nafasi ya kurudia mawazo yale yale. Anza naye kwa kusimama na kutembeza mikono, macho wazi, kisha kupumzika kufupi. Na aliyepitia ukatili au ajali mbaya hapaswi kuguswa bila kuombwa ruhusa kila mara, hapaswi kulazimishwa kufumba macho, na mkeka uwekwe mahali anapouona mlango. Hakuna mtaalamu wa yoga mwenye haki ya kukuachisha dawa au kukuambia uache kumwona mshauri nasaha. Akikwambia hivyo, beba pochi yako.

Ushahidi je? Mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kiliiweka yoga kati ya njia zisizo za dawa za kuanza nazo kwa maumivu sugu ya kiuno. Mwaka huo huo ulitoka utafiti wa watu 320 huko Boston na maeneo ya jirani: wiki 12 za yoga hazikuwa nyuma ya fiziotherapia kwa kupunguza maumivu na kurudisha utendaji. Ila sikilizeni vizuri, ile ilikuwa yoga ya kikundi. Anayeutumia utafiti huo kukuuzia kikao cha peke yako anachanganya mambo. Kama kiuno chako ni cha kawaida na huna ugonjwa mwingine, darasa la pole pole lenye mwalimu makini linaweza kukutosha, na ni rahisi zaidi mfukoni.

Ana kwa ana inalipa pale kunapokuwa na jambo la kukwepwa. Presha ya kupanda: hakuna kubana pumzi, hakuna kichwa chini. Presha ya macho: kichwa kisishuke chini ya moyo. Mifupa iliyopungua uimara: usikunje mgongo kwa nguvu kuinamia mbele, maana pingili zinaweza kuvunjika. Mimba iliyokua: kulala ubavu, si chali. Na kama kiuno kinauma huku sehemu za siri zinakufa ganzi, mkojo au choo vinakushinda kuzuia, au mguu unapoteza nguvu, hiyo si kazi ya yoga, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Vifaa ni vichache. Mkeka wa milimita 4 hadi 6 unatosha. Ile minene ya sponji ni laini kwa magoti lakini ukisimama kifundo kinayumba. Kiti kiwe bila magurudumu, kiegemee ukuta. Mkanda wa yoga usinunue, kanga iliyokunjwa inafanya kazi hiyo bila shida.

Kuhusu dini, kwa sababu najua maoni yatajaa hapo chini: maneno ya Kisanskriti na nyimbo si sharti. Mwambie mtaalamu mapema, atatumia hesabu au ukimya. Akigoma, tafuta mwingine.

Kwa kikao cha mtandaoni, weka simu usawa wa kiuno, mita 2 au 3 kutoka ulipo, ikikuonyesha kwa ubavu. Ukiiweka juu ya kabati anaona utosi tu, na kiuno ndicho anachohitaji kukiona.

Kabla ya kulipa, piga simu uliza mafunzo yake. Cheti cha kawaida cha ualimu wa yoga ni saa 200. Chama cha kimataifa cha tiba ya yoga, IAYT, kilichoanzishwa mwaka 1989, kinataka mafunzo ya tiba yasiyopungua saa 800. Uliza pia: karatasi ya nyumbani imo kwenye bei? Karatasi nzuri ina vijitu vya mistari, mshale wa kuvuta pumzi, mshale wa kutoa, idadi ya marudio, na nafasi ya wewe kuandika palipouma. Kikao cha pili kiwe baada ya wiki 1 au 2, na kianze kwa yeye kuisoma karatasi hiyo. Akitaka uje mara 3 kwa wiki na mazoezi ya nyumbani hayataji, mshukuru, kata simu, piga namba inayofuata.